Suffolk kwa siku moja: Lavenham, Long Melford, Blythburgh, Dunwich au Playford?

Kila mgeni anayefikia kwangu Ipswich, mji wa Suffolk, huniuliza swali lile lile baada ya siku mbili tatu: "London tumeshaiona, sasa huko vijijini kwao kukoje?" Nimewapeleka wengi, na mara kadhaa nimekosea. Kijana wa chuo nilimpeleka mahali palipomfaa shangazi yangu, na shangazi nikampeleka mahali palipotaka miguu ya kijana. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliye Uingereza, au anayekuja kutembea, mwenye siku moja au mbili za kutoka nje ya mji na asiyetaka ziishie kituoni akisubiri basi.

Suffolk ni kaunti ya mashariki, kati ya Essex na Norfolk, ikipakana na Bahari ya Kaskazini. Ardhi yake ni tambarare, ya ngano na shayiri, na ukiwa kwenye treni huachi mnara mmoja wa kanisa kabla hujauona mwingine. Makanisa ya zama za kati yaliyobaki ni kama 500. Hayo ndiyo makanisa ya parokia, na neno hilo lataka maelezo kidogo. Sisi tukisikia parokia tunamfikiria padri, na Walutheri wanasema usharika. Huku parokia ilikuwa serikali ya kijiji pia. Tangu 1538 kila parokia iliamriwa kuandika daftarini waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Tangu 1601 ilitoza kodi ya kuwalisha maskini wake yenyewe, na tangu 1662 mgeni aliyeonekana kuelekea ufukara aliweza kurudishwa kwenye parokia alikotoka. Mwaka 1894 mambo ya serikali yakatengwa na ya kanisa, lakini jina likabaki. Ukiona ubao wa baraza la parokia barabarani, unatangaza mkutano wa wanakijiji.

Sasa kuchagua. Vitabu vya watalii hupanga vijiji kwa uzuri, na kwa kigezo hicho Lavenham itashinda kila mara. Mimi napanga kwa jambo jingine. Karibu vijiji vyote vikubwa vya zamani vya Suffolk vilipata utajiri, kisha utajiri ukaondoka. Namna ulivyoondoka ndiyo iliyoamua utakachokikuta leo: nyumba, kanisa, au ufuko mtupu. Ukijua unataka kuona kipi katika hivyo, uchaguzi umekwisha nusu.

Lavenham: nyumba

Lavenham ilitajirika kwa kitambaa kizito cha sufu, hasa cha rangi ya buluu. Ni kitambaa cha jamii ile tunayoiita joho. Katika kodi ya mwaka 1524 kijiji hiki kililipa fedha nyingi kuliko York na Lincoln, miji yenye makanisa makuu. Tajiri wao mkubwa, Thomas Spring, alikufa 1523, na alama yake ya biashara imechongwa kwenye mnara wa kanisa pamoja na nyota za ukoo wa de Vere, makabaila wa Oxford. Mnara una urefu wa mita 43. Ulikusudiwa uonekane, nao unaonekana.

Kisha soko likaanguka. Wakimbizi kutoka Uholanzi na nchi jirani waliohamia Colchester walifuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, na joho la Lavenham likadorora. Watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, kwa hiyo nyumba za karne ya 15 na 16 zikabaki kama zilivyo. Zaidi ya majengo 300 yanalindwa kwa sheria. Ghorofa za juu zimetokeza mbele kuliko za chini, nguzo za mwaloni zimeachwa na rangi yake ya majivu, na kuna nyumba moja ya rangi ya chungwa iliyoinama hadi unajiuliza waliomo wanalalaje.

Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Tanga, alisimama mbele ya ukuta mmoja akautazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hii si nyumba ya fito na udongo?"

Nikamwambia, "Ndiyo hiyo hiyo, Shangazi."

Na kweli ndiyo. Kati ya nguzo na nguzo wamesuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu, wakamalizia kwa chokaa. Yeye mwenyewe amekulia katika nyumba ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba hii ina miaka 500, na pale alipokulia sasa pana tofali za saruji. Alizunguka kijiji kizima akikagua pembe za nyumba kama fundi, na tangu siku hiyo sijampeleka mgeni wa umri wake mahali pengine kwanza.

Usiondoke bila kuingia jumba la chama cha Corpus Christi pale uwanja wa soko, lililojengwa karibu na 1530. Vyama vya namna hiyo vilipovunjwa, jumba likawa gereza, baadaye nyumba ambamo maskini walilishwa kwa kufanyishwa kazi. Ukiwa hapo kumbuka mwaka 1525, Mfalme Henry VIII alipotaka fedha za vita vya Ufaransa. Matajiri wa nguo wakasema hawana cha kuwalipa wafumaji, wafumaji wakabaki bila kazi, na maelfu wakakusanyika Lavenham. Kabaila wa Norfolk alipouliza kapteni wao ni nani, mfumaji mmoja aitwaye John Greene akajibu kwamba kapteni wao ni Umaskini, na yeye na binamu yake Shida ndio waliowafikisha hapo. Mfalme akaiacha kodi ile. Kwangu mimi jibu hilo ndilo jengo refu kuliko yote Lavenham.

Inamfaa nani? Anayekuja mara ya kwanza, anayetaka picha, anayetaka kukaa na kunywa chai kila baada ya hatua mia. Kasoro ni msongamano wa kiangazi. Magari huegeshwa mbele ya kila nyumba, na picha ya barabara tupu utaipata tu ukifika saa mbili asubuhi.

Long Melford: kanisa la kusomwa

Kilomita 7 kutoka hapo, Long Melford nayo ilikula fedha za sufu, lakini wenye ardhi wake hawakuondoka wote. Ndiyo maana bado ina majumba mawili makubwa, Melford Hall na Kentwell, na barabara moja pana isiyokwisha. Kama shabaha yako ni mitaa ya kale, Lavenham inaishinda kwa mbali. Lakini likija suala la kanisa nitabishana na yeyote: la Melford ndilo.

Lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 15, na aliyelisimamia zaidi ni John Clopton. Mtu huyu mwaka 1462 alikamatwa pamoja na kabaila wa Oxford kwa tuhuma za uhaini. Wenzake waliuawa, yeye akaachiwa. Akarudi kijijini, na sehemu kubwa ya mali yake ikaenda kwenye mawe na vioo. Kwa nje, kuzunguka kuta, yameandikwa majina ya waliochanga, na maombi kwamba apitaye awaombee. Ni kama michango ya harusi iliyoandikwa kwenye jiwe, kila mtu kwa jina lake. Ndani kuna vioo vya rangi vya zama zile, na katika kimoja kidogo, rahisi kukipita, sungura watatu wanafukuzana kwa duara. Kila sungura ana masikio mawili, lakini ukihesabu masikio yote unapata matatu tu. Picha hiyo hiyo ipo kwenye mapango ya Dunhuang, Uchina. Namna ilivyosafiri mpaka Suffolk bado wasomi wanaijadili.

Nyuma ya kanisa kuna jengo la chini chini, kanisa dogo la Bikira Maria, lililowahi kuwa shule kwa karne mbili hivi. Jedwali la kuzidisha la wanafunzi limebaki ukutani. Mwanangu wa darasa la nne alilisoma mstari kwa mstari kwa sauti, na mzee mmoja aliyekuwa akifagia akaacha ufagio akamsikiliza.

Melford inamfaa mtu mwenye subira, na watoto wanaopenda kutafuta vitu vilivyofichwa. Anayetaka kupiga picha na kuondoka atachoka haraka.

Jambo la usafiri kwa hivi viwili: huhitaji gari. Treni kutoka London Liverpool Street unabadilisha Marks Tey, unateremka Sudbury, kisha basi. Lakini basi ni la Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili moja mimi na wageni wanne tulikaa kituoni Lavenham karibu saa mbili kwa sababu nilisoma ratiba ya siku nyingine. Tangu hapo naisoma ratiba usiku wa kuamkia safari, tena naisoma mara mbili.

Kersey, kijiji kingine cha sufu upande huo huo, watu huniuliza sana kwa sababu ya kijito kinachokatiza barabara kuu, magari yakipita majini. Ni pazuri kweli, nusu saa inatosha. Pitia ukiwa na gari na unaelekea Hadleigh. Usifunge safari kwa ajili yake peke yake.

Blythburgh: kanisa lisilo na mji

Sasa tuelekee pwani, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ukitoka kaskazini kwa barabara ya A12, ghafla kinamasi cha mto Blyth kinafunguka, maji yakijaa na kupwa, na juu yake limesimama kanisa kubwa peke yake. Hakuna mji wa kulitosha. Zamani ulikuwepo mji wa biashara na nyumba ya watawa. Nyumba ya watawa ikafungwa katika miaka ya 1530, biashara ikafifia, na mwaka 1676 moto ukateketeza sehemu kubwa ya nyumba. Kanisa likabaki bila watu wa kulitunza. Mwaka 1881 lilifungwa kwa hofu kwamba litawaangukia waumini, na husimuliwa kwamba kabla ya hapo siku za mvua watu walisali wakiwa na miavuli.

Ingia, kisha utazame juu. Dari lote ni mbao, na katikati yake kuna malaika waliotanua mabawa, rangi zao za kale zimefifia. Kwa muda mrefu watu walisema matundu yaliyomo yalipigwa risasi na William Dowsing, aliyetumwa mwaka 1644 kuvunja sanamu makanisani. Kisha mafundi waliokarabati dari katika karne iliyopita wakakuta marisau ya karne ya 18, na daftari za kanisa zinaonyesha malipo ya baruti na marisau mwaka 1761. Walikuwa wakiwapiga kunguru. Dowsing alifanya mengi mabaya pale, hilo halikuwa lake.

Kwenye vichwa vya viti vya mbao zimechongwa dhambi kubwa. Mvivu yumo kitandani, mlafi ameshika tumbo, bahili amekalia sanduku la fedha zake. Na kwenye mlango wa kaskazini kuna alama nyeusi za kuungua, ndefu kiasi cha kidole, kana kwamba mtu mwenye mkono wa moto alijaribu kuufungua. Tarehe 4 Agosti 1577, wakati wa ibada, dhoruba ilipiga, sehemu ya juu ya mnara ikaanguka ndani, mtu mzima mmoja na mvulana mmoja wakafa. Wenyeji wakasema alikuwa mbwa mweusi wa shetani, na alama zile ni kucha zake. Wanaochunguza majengo ya kale wameona alama kama hizo kwenye mbao nyingi za zamani, na wanasema ziliunguzwa kwa makusudi kwa mshumaa mwembamba, pengine kwa kujikinga. Nilipoweka kidole changu ndani ya moja, kilienea sawasawa. Waliokufa siku ile walikuwa watu wa kijiji waliokuja kusali asubuhi. Mbwa amewafunika kabisa.

Shangazi aliniuliza kama Mwislamu anaweza kuingia. Anaweza. Makanisa haya ya parokia kwa kawaida hufunguliwa mchana kwa kila mtu, bila kiingilio, na kuna kisanduku cha mchango kwa anayependa. Jambo la kukumbuka ni choo, kwa sababu mengi hayana.

Dunwich: ufuko mtupu

Kilomita 8 hivi kutoka Blythburgh kuna mahali ambapo hakuna cha kuona, na bado nawapeleka watu huko. Dunwich ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za mashariki ya Uingereza. Katika sensa ya mali ya mwaka 1086 ilikuwa na makanisa matatu na ilidaiwa kila mwaka heringi zaidi ya 60,000, samaki wadogo wa bahari ile. Waraka huo huo unaandika, kwa ufupi wa karani, kwamba sehemu ya shamba iliyokuwepo zamani imechukuliwa na bahari. Kwa hiyo walijua mapema.

Dhoruba za miaka ya 1280 zikabomoa mitaa mizima. Ile ya 1328 ikaziba mlango wa bandari kwa changarawe, mto ukatafuta njia kaskazini, na ushuru wa meli ukahamia Walberswick na Southwold. Dunwich ikapigana nao na kuwashitaki kwa miaka mingi huku mwamba ukiendelea kumong'onyoka. Kanisa la mwisho la kale, la Watakatifu Wote, lilianza kudondoka baharini 1904, na kipande cha mwisho cha mnara wake kikaanguka 1919. Katika miaka ile mifupa ya makaburini ilikuwa ikichomoza kwenye mwamba juu ya vichwa vya waliotembea ufukoni. Jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba mji uliokwisha kuzama uliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka sheria ya mageuzi ya 1832.

Leo kuna nyumba chache, jumba dogo la makumbusho, ukuta wa watawa wa Mtakatifu Fransisko, na kanisa jipya la 1832 ambalo uani mwake limehamishiwa nguzo moja ya lile lililozama. Ufuko ni wa mawe madogo, mzito kutembea. Wenyeji hupenda kusema kengele husikika chini ya maji usiku wa dhoruba. Mimi nimesikia mawe tu, yakivutwa na wimbi na kurudishwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton wamepima sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti na kuonyesha mabaki ya majengo pale chini, na ramani yao ndiyo inayokusaidia kusimama ufukoni ukajua unatazama soko lilipokuwa.

Mtu wa Kilwa au Kaole ataielewa Dunwich bila mwongozaji. Anayetaka kuona jengo atakasirika, na atakuwa na haki. Ndiyo sababu simpeleki mtu Dunwich pekee: naanza Blythburgh, namalizia Dunwich, kwa siku moja. Hapa gari ni la lazima, au treni ya Ipswich hadi Darsham au Halesworth kisha teksi uliyoiagiza kabla. Viatu viwe vya kufunga.

Kama mtu ana siku moja tu, ana gari, na si mara yake ya kwanza Uingereza, namwambia achague upande huu wa pwani aache Lavenham. Kama hana gari, au ana mzee wa kumshika mkono, Lavenham na Melford. Sioni haja ya kuzunguka zunguka hapo.

Playford: kwa anayetoka kwetu

Imebaki Playford, ambayo haimo katika orodha za wengine. Iko kilomita 6 au 7 tu kutoka katikati ya Ipswich, kijiji kidogo bondeni, kanisa dogo la mawe ya gumegume. Hakikuwahi kuwa tajiri, hakikuanguka. Nakitaja kwa sababu ya makaburi mawili.

La kwanza ni la Thomas Clarkson. Mwaka 1785, akiwa kijana wa Cambridge, aliandika insha kwa Kilatini kujibu swali kama ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao. Akashinda tuzo, akaondoka na swali likimkaba rohoni. Akapanda farasi bandari kwa bandari akiwahoji mabaharia, akinunua pingu na minyororo madukani ili awaonyeshe wabunge kwa macho. Biashara ya watumwa ya Waingereza ikapigwa marufuku 1807. Alihamia Playford Hall 1816, na huko ndiko Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Marekani, alikomtembelea Agosti 1846, wiki chache kabla mzee hajafa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa miaka 27 baadaye, 1873. Uani pana mnara wa jiwe wa kumkumbuka, mrefu, wa pembe nne.

La pili ni la George Airy, mwanafalaki mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Greenwich, London, aliyekuwa na nyumba kijijini hapo. Darubini yake iliyoanza kazi 1851 ndiyo iliyoweka mstari ambao mwaka 1884 mataifa yalikubaliana uwe mwanzo wa kuhesabu saa. Saa zetu za Afrika Mashariki, zilizotangulia kwa saa tatu, zinahesabiwa kutoka mstari huo.

Shangazi nilimpeleka siku moja ya Novemba, mwisho wa matembezi yake. Saa moja inatosha kwa Playford, na wakati huo wa mwaka usichelewe, jua linazama karibu saa kumi. Alisimama kwa Clarkson akasoma dua kimya kimya. Kwa Airy nikamweleza habari ya mstari, naye akatoa simu akampigia dada yake Tanga. Pale Playford ilikuwa saa tisa na dakika ishirini hivi alasiri. Dada akapokea, wakasalimiana, na kabla hawajafika mbali ikasikika adhana ya magharibi nyuma ya sauti yake.